Pengo la Ukurasa wa Arobaini na Saba

Sipendi watu wanaolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Nimewaona wakifanya hivyo kwenye Biblia, kwenye daftari la majina ya wanafunzi, na hata kwenye mémoire yangu mwenyewe, ile tasnifu ya kumaliza masomo ya fizikia, na kila mara nageuza uso. Mama anasema nilizaliwa na kinyaa. Nikiwa mdogo nilikataa kula sahani moja na dada zangu, nikachapwa, nikaendelea kukataa. Nasema haya mapema ili msomaji ajue anapata habari kutoka kwa mtu wa namna gani. Haya ninayoyasimulia mtu mwingine angeyaona mambo ya kawaida, na pengine angecheka.

Directeur wangu alikuwa mmoja wa hao walamba vidole. Katika taasisi yetu hapa Bunia kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa mwalimu wa kumwongoza, na ndivyo tunavyomwita, directeur. Wangu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri ya kanisani, aliyezoea kujichokoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, akakirudisha kifuniko kwenye kalamu, kisha akanipa kalamu ile ile nitie sahihi. Niliishika kwa ncha za vidole viwili. Mada alinipa yeye, kwa sababu alikuwa ameiona mahali fulani akapenda jina lake: hali za elektroni kwenye uso wa fuwele za aina fulani, zile ambazo ndani umeme haupiti lakini usoni unapita.

"Hii ni kitu ya kisasa," aliniambia. "Hapa kwetu hakuna mutu amefanya. Jury itashangaa."

Kwamba jury, yaani walimu wa kuihukumu kazi, ingeelewa, hakusema.

Mimi niliipenda mada ile kweli kweli. Niliipenda kwa sababu ilikuwa safi, na mahali nilipoishi hapakuwa na kitu kingine safi. Chukua fuwele ya bati na teluri. Atomu zake zimepangwa kama zile za chumvi ya jikoni, bati, teluri, bati, teluri, pande zote, bila kukosea. Ndani yake elektroni hazina njia: kuna ngazi ya chini ya nishati iliyojaa, kuna ngazi ya juu iliyo tupu, na kati yao hakuna pa kusimama. Lakini ukiikata fuwele, kwenye uso uliokatwa zinatokea njia zinazovuka nafasi ile. Kinachozilinda njia hizo ni mfanano wa kioo. Yaani ukisimamisha kioo katikati ya fuwele, upande wa kulia na upande wa kushoto ni kitu kimoja. Maadamu mfanano huo upo, mistari miwili ya nishati inayochorwa kwa ajili ya uso ule inaruhusiwa kukutana na kupishana, kama herufi X. Uvunje mfanano, sogeza atomu za usoni kidogo tu kuelekea upande mmoja, na mistari ile inakaribiana, inakaribiana, halafu inapinda na kuachana bila kugusana. Katikati linabaki pengo. Pengo hilo dogo ndilo lilikuwa mémoire yangu. Sikuwa na kitu kingine cha kusema zaidi ya hilo.

Kulipata kulinichukua miezi saba. Nilikuwa nikikaa mtaa wa Shari, kwenye chumba kimoja, na kompyuta kuukuu ambayo betri yake ilikwisha kufa, kwa hiyo iliishi kwa paneli ya jua ya jirani. Wingu likipita, hesabu inakatika, naanza upya. Majirani walipiga muziki wa sauti kubwa na kupikia mafuta yaliyotumika mara kumi. Vumbi jekundu liliingia kwenye vitufe hata herufi ya A ikawa inakataa. Katikati ya uchafu huo wote nilikuwa nasogeza atomu ambazo sitaziona maishani, na pengo likatokea. Sikuliamini. Nikazirudisha atomu mahali pake, pengo likafunga. Nikazisogeza tena, likafunguka. Nikazisogeza zaidi, likapanuka. Siku ile niliosha mikono mara tatu bila sababu, kwa furaha tu, kisha nikachora ile picha: mistari miwili inayokaribiana na kuachana. Ilikuwa picha ya ukurasa wa arobaini na saba.

Kwetu mwanafunzi hachapishi mémoire mwenyewe. Anaipeleka secrétariat, kile kibanda chenye kompyuta, mashine ya kuchapisha na ya kufotokopi. Mimi nilipeleka kwenye kimoja cha mtaa wa Lumumba, kwa mwanamume ambaye familia yake ilihamia kutoka Butembo, aliyeuza pia makava ya simu na soksi. Alikuwa fundi. Nasema hivi kwa uchungu, maana angekuwa mzembe ningekagua kazi yake. Makosa yangu ya Kifaransa aliyaona kabla yangu. Lakini kibanda kile, Mungu wangu. Kilinuka gundi, wino wa unga ulioungua, na sambusa. Alikula sambusa akichapa, na kwenye rasimu zangu kila ukurasa ulirudi na alama ya dole gumba yenye mafuta, pembeni chini kulia, kana kwamba ni muhuri wa ofisi. Mbu walikufa ndani ya mashine ya kufotokopi na kutokea kwenye kazi za watu. Nilimwona mwanafunzi mmoja wa sheria akilipokea jalada lake na mguu wa mdudu katikati ya hitimisho, akalitia kwapani, akaenda zake na furaha.

Siku ya mwisho ya kupeleka nakala taasisini, mlango ulikuwa unafungwa saa sita mchana. Nilizipokea nakala zangu tano saa tano na nusu, gundi bado ya moto. Nilifungua moja. Ni lazima niseme ni ukurasa gani niliofungua. Nilifungua ule wenye jina langu, nikaangalia kama limeandikwa sawa, kisha ule wa kumshukuru mama. Nikatabasamu, nikachukua pikipiki. Miezi saba ya pengo lile, na nilichokagua ni jina langu.

Niligundua Jumapili, baada ya misa, siku mbili kabla ya kutetea kazi yangu mbele ya jury. Nilikuwa nimekaa kitandani na nakala yangu nikijiuliza maswali na kujijibu. Nikafika ukurasa wa arobaini na saba. Mistari ilikuwa inagusana. Ilikutana katikati kwa usafi wa ajabu, ikapishana, X nzuri nyeusi, na chini yake maneno yangu yakisema: hapa tunaona kwamba mistari haikutani. Niliangalia nakala ile kwa muda mrefu, nikifikiri ni macho. Kisha nikaenda Lumumba kwa miguu, na nguo za misa.

Fundi alikuwa amefunga duka lakini alikaa mlangoni. Nilimfungulia ukurasa.

"Ah, ile," alisema, na uso wake ukang'aa. "Dada, ile mustari ilikuwa imekatika pale katikati. Hii machine inakulaka mustari, weye unajua. Watu wanarudia na kulalamika, jury inawagombeza. Sasa siku hizi, mbele ya kuchapa, ninapitisha kila mustari na mukono yangu ndani ya kompyuta. Yako nililunganisha muzuri. Sikukuambia hata."

"Haikukatika," nilimwambia. "Iko vile."

"Iko vile namna gani? Mustari inatoka huku, inatoka huku, zinafika karibu, halafu zinaogopana?"

"Ndiyo. Zinaogopana."

Aliniangalia kwa huruma, huku akipangusa mafuta ya vidole kwenye suruali. Alidhani masomo yamenizidi. Nilitaka kumtukana nikashindwa, kwa sababu alichofanya alikifanya kwa wema, bila kuniomba chochote, na kwa sababu katika kibanda kile chote hakuna kazi iliyofanywa kwa mkono mtulivu kuliko ile. Alikuwa ameunganisha hata kivuli cha rangi chini ya mistari.

Kulikuwa na dawa rahisi. Karatasi moja ya masahihisho, picha ya kweli juu yake, sahihi ya directeur chini, inachomekwa ndani ya kila nakala. Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa mlangoni kwake na karatasi hiyo mkononi. Alikuwa anakunywa chai. Aliisoma akiwa ametia kifuniko cha kalamu sikioni.

"Nikitia signature hapa," alisema, "ni kusema kazi ilipita kwangu na sikuiona."

Haikuwa imepita kwake, yeye alitia sahihi kwenye jalada, juu ya meza ya baa.

"Sikia, binti yangu. Jury inaangalia picha, haisome. Na picha iko muzuri, kuliko hii yako. Hii yako inakuwa kama kitu kimevunjika." Akakitoa kifuniko, akakiangalia, akakipangusa kwenye pembe ya karatasi yangu ya masahihisho. "Ao unapenda tutoe jina yako kwa hii session? Utarudi mwaka kesho. Lakini ile nafasi ya assistant ya fizikia, wanaitafutia mutu sasa. Haitakungojea."

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa, na alijua. Nafasi ile ilikuwa moja. Mama aliuza shamba la mihogo la kijijini Aveba tulipokimbia vita, mimi ndiye niliyesoma, wadogo zangu wananingoja. Upande mwingine kulikuwa na pengo dogo kati ya mistari miwili ambalo duniani humu, kwa kadiri nilivyojua, nilikuwa nimelitazama peke yangu. Niliichukua karatasi yangu kwa pembe isiyokuwa na nta ya sikio lake. Nje niliitupa kwenye shimo la takataka, na nilijiambia nimeitupa kwa sababu ya ile nta.

Siku ya kutetea ukumbi ulijaa. Mama alikuja na wifi zake na kitenge kipya. Kwenye meza ya mbele walikaa watu watatu: président wa jury, directeur wangu, na lecteur, yaani mwalimu aliyepewa kuisoma kazi kabla ya siku hiyo. Président alikuwa na leso aliyojipangusia jasho la shingo, kisha akapangusia miwani, kisha meza. Lecteur alikuwa mzee mwembamba ambaye hakuwahi kunifundisha, koti limechakaa mikononi, na nakala yangu alikuja nayo kwapani. Nilipomwona anaitoa pale, joto la mwili wake likiwa bado ndani ya jalada, nilimchukia papo hapo.

Nilieleza kazi yangu kwa dakika ishirini, kwa Kifaransa kama desturi. Président aliuliza faida yake kwa maendeleo ya mkoa wetu wa Ituri. Nikajibu upuuzi fulani kuhusu mashine za kesho. Alifungua ukurasa wa arobaini na saba, akauinua watu waone, akasema picha kama hii ndiyo anayotaka wanafunzi wote waige, mistari inayoonekana, siyo ile ya kutafuta kwa tochi. Directeur alijiegemeza kwenye kiti. Kisha zamu ikafika ya mzee. Aliuliza kwa Kiswahili, na watu wakacheka kidogo, maana pale mbele hakuna anayezungumza Kiswahili.

"Mademoiselle, sikuwe na maswali mingi. Hizi mustari mbili, pale katikati, zinagusana ao hazigusane?"

Alisema polepole. Leo naona kwamba alisema polepole mno kwa mtu mwenye swali la kawaida. Wakati ule niliona tu midomo yake mikavu na nakala yangu iliyopinda. Niliangalia upande wa directeur. Alikuwa ananitazama, kifuniko cha kalamu sikioni.

"Zinagusana, Professeur," nilisema.

Na sikuishia hapo. Kama ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Nilichukua chaki, nikasogea ubaoni, nikaeleza kwa nini zinagusana. Nilichora atomu, nikasimamisha kioo katikati, nikaonyesha kwamba upande huu na upande huu ni kitu kimoja, na kwa hiyo mistari haizuiwi kupishana. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile, kabla wala baada. Kila neno lilikuwa kweli, ila lilikuwa kweli ya fuwele nyingine, ile ambayo mtu hajaigusa. Yangu niliisogeza mwenyewe kwa miezi saba. Niliisikia sauti yangu ikitiririka, laini, na nikafahamu kwamba inafanana na sauti ya directeur wangu.

"Ni vile?" mzee aliuliza.

"Ni vile."

"Sawa," akasema, na akaandika kitu kwa penseli.

Walitutoa nje, wakaturudisha, wakasoma: grande distinction, daraja la juu. Kabla sijasimama vizuri mama alikuwa amenifikia na kopo la poda. Ndivyo tunavyofanya kwetu mtu akifaulu, anamwagiwa poda kichwani, shingoni, kifuani, na kila ndugu ana kopo lake. Nilikuwa natoka jasho kuliko siku zote za maisha yangu. Poda iligeuka uji. Ilishuka machoni, ikaingia mdomoni, na ina ladha ya sabuni na ya maua yaliyooza. Wifi mmoja alinipaka kwa viganja vyote viwili, viganja vya moto vilivyoshika soda, akanipaka hadi nyuma ya masikio. Mama alilia. Directeur alikuja kunikumbatia na kunong'ona, "Niliku­ambia," na pumzi ya chai yake ikabaki shingoni kwangu. Kwenye picha zote za siku ile mimi ni mweupe kama ukuta na nimefumba mdomo. Watu hudhani ni kiburi cha kufaulu. Nilikuwa najizuia kutapika, na sababu haikuwa poda.

Nafasi ya assistant nilipata. Nafundisha mwaka wa kwanza na wa pili, wadogo zangu wanasoma, mama ana nyumba ya bati. Mzee yule tunakutana kila asubuhi kwenye ukumbi wa kuingilia, ananisalimia kwa adabu, "Habari ya asubuhi, Madame Assistante," nami namjibu kwa adabu na kupita upande wa pili, na kwa muda mrefu nilijiambia ni kwa sababu ya harufu ya koti lake.

Mwaka huu, wakati wa likizo, niliamua kufanya kitu. Nakala za jury hurudishwa maktabani baada ya kutetea, na mwanafunzi yeyote anaweza kuzifungua. Nilinunua kalamu ya wino mweusi na ile nyeupe ya kufutia makosa. Mpango wangu ulikuwa mdogo: kufuta ule mkutano wa katikati, kuipinda mistari kwa mkono, kuandika kando "masahihisho" na tarehe na sahihi yangu. Sikutaka kumwambia mtu. Nilitaka tu iwepo mahali. Maktaba ni chumba kimoja chenye kinyesi cha popo kwenye kona, na mhifadhi wake, mama mmoja mpole, alikuwa anafuma sweta. Alinielekeza kwenye rafu.

Nakala ya président ilikuwa haijafunguliwa isipokuwa pale ukurasa wa arobaini na saba, kurasa nyingine bado zimeshikana kwa gundi. Ya directeur haikufunguliwa kabisa. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Ya tatu ilikuwa ya mzee, imepinda, imelegea kama kitabu cha nyimbo. Kila ukurasa ulikuwa na penseli yake. Alikuwa amerudia hesabu zangu pembeni, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Mahali fulani alikuwa amenisahihisha alama ya kutoa niliyoisahau, na alikuwa sahihi. Kwenye ukurasa wa arobaini na saba, kando ya sentensi yangu kwamba mistari haikutani, aliandika kwa Kifaransa: "Ni kweli, nimehesabu. Kazi nzuri sana. Picha inasema kinyume, bila shaka kosa la mchapaji. Nimuulize, apate nafasi ya kueleza." Chini yake, kwa penseli ile ile lakini siku nyingine: "Nimemuuliza. Ameikana kazi yake."

Nilikaa chini kwenye sakafu ile, na kinyesi cha popo, na sikujali nguo. Nilimchukia kwa kuwa alijua na akatia sahihi matokeo yangu pamoja na wengine. Nikatafuta cha kumchukia zaidi nikakosa, nikabaki na mimi mwenyewe. Ile kazi ilisomwa. Miaka yote nilijifariji kwamba haikusomwa na mtu.

Nikatoa kalamu yangu nyeusi. Kisha nikafikiri: mwanafunzi atakayefungua nakala hii ataona mistari niliyoirekebisha, na kando yake ataona maneno yale, na mwandiko wa mzee kila mtu hapa anaujua. Nilirudisha kalamu mkobani. Nikaenda kwenye meza ya mhifadhi.

"Mama, uko na gomme?"

Alitafuta ndani ya kikapu cha nyuzi, akanipa kipande cha kifutio kilichogeuka cheusi kwa mikono ya watu. Nilikipokea kwa kiganja kizima. Nilirudi kwenye rafu, nikafuta maneno ya pili ya mzee, halafu nikafuta na ya kwanza, yale ya kunisifu, kwa sababu yakibaki peke yake mtu angeuliza nilijibu nini. Mistari ya picha niliiacha inagusana. Nikapuliza mabaki ya kifutio, nikaangalia ukurasa ukiwa safi, na mtu pekee aliyewahi kunisoma hakuwa tena na neno lolote juu yangu.